Rivolva Arobaini za Sajini Yost

Bernadine Hrabchak aliingia kwenye ukumbi wa zimamoto wa Ashby Fork kabla ya saa tatu asubuhi, miwani mbili zikining'inia shingoni na mkoba wa vifaa begani, wala hakumsalimia mtu mpaka alipoziona meza. Ndivyo alivyokuwa. Marehemu mumewe alipenda kusimulia kwamba hata siku ya harusi yao alikagua kwanza bawaba za mlango wa kanisa.

Mezani zilipangwa rivolva arobaini, kila moja na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Polisi wa Ashby Fork walikuwa wamepewa bastola mpya za magazini mwezi wa Agosti, na hizi za zamani, zilizokaa viunoni mwao miaka kumi na zaidi, sasa zilikuwa zinauzwa. Hadi saa saba mchana idara ndogo za jirani ziliruhusiwa kuchagua kwanza. Baada ya hapo mchuuzi mmoja kutoka Ohio, jina lake Gessner, angebeba zote zitakazobaki na kuzitawanya madukani. Gari lake lilikuwa limekwisha kuegeshwa nje, kinyumenyume, milango wazi, kama la mtu anayekuja kuhamisha nyumba.

Bernadine alikuja kwa ajili ya sita tu. Mkwe wake, Duane Pasko, alikuwa mkuu wa polisi wa Hollis Run, mji wenye makanisa mawili, baa nne na polisi sita pamoja na yeye mwenyewe. Polisi hao walibeba kila mtu alichorithi, na mmoja wao alikuwa na bastola ya babu yake iliyofungwa mpini kwa utepe wa fundi umeme. Baada ya mikutano mitatu na makelele mengi, baraza la mji lilikubali kuwanunulia rivolva sita, kwa sharti kwamba Bernadine, fundi bunduki pekee katika bonde lile, azipime na atie sahihi kuwa zinafaa. Zisiponunuliwa wikiendi ile, fedha zingeingia kwenye paa la karakana ya mji. Ilikuwa leo au basi. Na moja kati ya hizo sita ingekaa kiunoni mwa mume wa binti yake, baba wa wajukuu zake wawili. Bernadine alikuwa amezika mume; kuzika mkwe hakukuwa kwenye ratiba yake.

"Mama, hebu ona hii," Duane alisema, ameinua rivolva nyeusi inayong'aa.

"Irudishe."

"Hata hujaigusa."

"Imesuguliwa kwa mashine ikapakwa rangi upya, mpaka maandishi yamefifia. Unanunua silaha au unaposa?"

Duane aliirudisha, akacheka chini chini. Alikuwa amemzoea. Miaka minane ya kula kwake chakula cha Jumapili ilikuwa imemfundisha kwamba mama mkwe akikutukana mapema, siku itakwenda vizuri.

Bernadine alizitaka zile mbaya. Rivolva ya polisi hunyeshewa, hugongwa na mlango wa gari, husuguliwa na ngozi ya ala yake kutwa nzima hadi rangi ya mdomo wa mtutu inakwisha na chuma kinabaki cheupe. Lakini hupigwa mara chache, siku za mtihani wa shabaha, kisha hurudi kwenye ala. Kwa hiyo nje huwa mzee na ndani kijana. Wanunuzi wengi hawalijui hilo, au wanalijua na macho yanawasaliti, ndiyo maana waliomtangulia asubuhi ile walikuwa wamekwisha kuchukua mbili zenye sura nzuri na kuondoka wakijipongeza, na nyingine mbili zikaletwa kutoka stoo kujaza nafasi.

Alivaa miwani ya pili juu ya ya kwanza, akaanza. Alifungua silinda, akaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, akachungulia mwanga ndani yake akitafuta kutu. Aliifunga silinda taratibu kwa mikono miwili, akavuta nyundo polepole mno, akisikiliza silinda ijifunge mahali pake kabla nyundo haijafika mwisho. Akaishika silinda kwa vidole viwili na kuitikisa mbele na nyuma. Akainua rivolva dirishani kuona upenyo kati ya silinda na mtutu. Kisha ya pili, ya tatu. Moja aliisukuma pembeni mara tu alipoifungua.

"Hiyo ina nini?" Duane aliuliza.

"Mwenyewe alikuwa anaifunga kwa kutupa kifundo cha mkono, kama wanavyofanya kwenye sinema. Mkono wa silinda umepinda. Angenunua tiketi ya sinema tu, ingekuwa nafuu."

Sajini Emmett Yost alikuja na vikombe viwili vya kahawa. Alikuwa mtu mrefu, mvi zimechanwa kwa maji, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyetunza silaha za kituo, na leo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Jikoni, nyuma ya ukuta, akina mama wa kanisa walikuwa wanakaanga tambi na kabichi kwenye siagi kwa ajili ya karamu ya jioni ya kumuaga. Harufu ilijaa ukumbini tangu asubuhi. Yost alikuwa rafiki wa mumewe Bernadine, alibeba jeneza lake upande wa kulia, na tangu hapo hakuwahi kumwita jina jingine ila shemeji.

"Shemeji, unazipekua kama karani wa forodha."

"Na wewe unanipa kahawa ili nikimbilie chooni. Weka hapo."

"Vuta vifyatulio," Yost alisema, na uso wake ukalainika kwa fahari. "Vuta tu. Hutavipata hivyo popote."

Duane alikuwa amekwisha kuvuta. "Mama, laini kama siagi. Hata yule Kopchik wangu mwenye baridi yabisi atapiga shabaha na hii."

Bernadine alivuta. Kweli kilikuwa laini. Akachukua nyingine, akavuta. Laini. Ya tatu, iliyotengenezwa miaka kumi na mitano kabla ya ile ya pili. Laini vilevile, uzito uleule. Alizunguka meza akavuta vifyatulio vyote arobaini, huku Gessner akimwangalia kutoka kwenye kiti chake na kutafuna kijiti, na alipomaliza moyo wake haukuwa mtulivu hata kidogo. Rivolva huzaliwa na tabia yake. Nyingine hukaza, nyingine husuasua katikati, na moja kati ya kumi huwa tamu. Arobaini haziwezi kuwa tamu zote isipokuwa kuna mkono wa mtu.

"Nipe bisibisi ndogo, Duane."

"Shemeji, hatufungui," Yost alisema. "Tangazo liko mlangoni. Kuangalia na kuvuta tu."

"Nimelisoma."

"Basi?"

"Basi nitafungua moja, na nisipokuta kitu nitakuomba radhi mbele ya karamu yako, nimesimama juu ya kiti."

Hakungoja jibu. Chini ya mpini, upande wa mbele, pana skrubu ndogo inayosukuma springi ya nyundo. Ikiwa ndefu kama kiwanda kilivyoiweka, nyundo hupiga kwa nguvu na kidole hupata taabu kidogo. Ikifupishwa, kidole hufurahi, lakini nyundo hupiga kinyonge, na fataki, kile kidonge cha baruti kitakoni mwa risasi, huenda isilipuke. Bernadine aliizungusha ikatoka, akaishika mbele ya dirisha. Ncha yake ilikuwa bapa, na juu yake mikwaruzo ya tupa ilionekana waziwazi.

Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu, na ya nne. Zote zilikuwa vilevile, zimekatwa kwa kipimo kimoja, kazi safi ya mtu mwenye mkono.

"Ni wewe, Emmett," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwita kwa jina.

Yost hakukana. Aliketi. "Mwaka themanini na nane walipandisha alama za mtihani wa shabaha. Nilikuwa na watu wanane waliokuwa wanafeli. Nusu yao walianza maisha mgodini, shemeji, unaijua mikono ya wachimba makaa. Walikuja kwangu mmoja mmoja, usiku, maana mchana waliona aibu. Nikawapunguzia. Wakafaulu. Basi wengine wakasikia, wakataka na wao. Hakuna hata mmoja aliyepoteza kazi. Na hakuna rivolva iliyokataa, miaka mitano mizima. Hakuna hata moja."

"Mlikuwa mnapiga risasi gani?"

"Za mazoezi. Tunazijaza wenyewe hapa, chumba cha chini."

"Za fataki laini."

"Ndiyo."

"Na za kazini?"

Yost alitazama chini ya meza. Za kazini hazikupigwa. Zilikuwa ghali, zilikaa mikandani mwa polisi mpaka zikachakaa, zikakusanywa, zikatupwa. Na miaka mitatu iliyopita kituo kilikuwa kimebadili aina, kikachukua zenye fataki ngumu. Maboksi manne yaliyobaki yalikuwa pale pale chini ya meza, bonasi kwa mnunuzi.

"Twende machimboni," Bernadine alisema.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nyuma ya ukumbi, ndani ya machimbo ya mawe ya zamani. Walikwenda wanne, Gessner akiwafuata nyuma kwa udadisi. Yost alitaka kupiga mwenyewe, na Bernadine alimwachia. Mtu akiisikia kwa sikio lake hahitaji kushawishiwa. Sita za mazoezi zilitoka zote sita, mlio wake ukizunguka ukutani mwa mawe, na Yost akamtazama Bernadine kwa jicho la mtu aliyeshinda kesi.

Kisha akajaza za kazini. Ya kwanza ikalia. Ya pili ikalia. Ya tatu, tak, nyundo ikaanguka na hakuna kitu. Yost alikaa vilevile, ameelekeza mtutu kwenye shabaha, kama kanuni inavyotaka, akihesabu kimoyomoyo. Akavuta tena. Ikalia. Akavuta. Tak.

Hakupiga ya sita. Alifungua silinda, akatoa zile mbili zilizokataa na kuziweka kiganjani. Kwenye kila fataki palikuwa na kialama kidogo, kama mtu alibonyeza kwa kucha. Akazifumbata.

Walijaribu rivolva nyingine tano. Katika risasi thelathini, kumi na moja zilikataa.

Duane alimvuta mama mkwe wake kando. "Mama, sikiliza. Wewe una skrubu mpya dukani, mkebe mzima. Tunachagua sita zetu, unabadilisha, tunazijaribu, unatia sahihi. Vijana wangu watakuwa salama. Ya nini kumvua mzee nguo siku ya karamu yake?"

"Na thelathini na nne nyingine?"

"Siyo zetu."

"Zitakwenda Ohio, na Indiana, na kila mahali. Zitauzwa kwa mama anayeishi peke yake mwisho wa barabara. Atavuta kifyatulio dukani na kusema, ai, laini kama siagi." Alimtazama Duane mpaka yeye akaangalia chini. "Siwezi kutia sahihi kwa sita na kunyamaza kwa thelathini na nne. Mkono ni mmoja."

Yost alikuwa amesikia. Mawe ya machimbo hayafichi maneno. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "chukua sita zako bure. Nitalipa mimi. Niachie leo tu. Jumatatu nitamwandikia Gessner barua."

Bernadine alimpenda mtu huyu. Alikumbuka bega lake chini ya jeneza, na theluji ya mwaka ule, na jinsi alivyokuja majira yote ya baridi kumchimbia njia hadi mlangoni bila kubisha hodi. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma. Macho yalimjaa maji akayafuta kwa mkono wenye mafuta ya bunduki. Lakini hakurudi nyuma.

"Jumatatu zitakuwa zimesambaa. Sema wewe, Emmett, au niseme mimi. Ukisema wewe, ni fundi aliyekosea akarekebisha. Nikisema mimi, ni kitu kingine."

Yost alizitia mfukoni zile risasi mbili. Kisha alitembea hadi kwa Gessner, ambaye alikuwa bado anatafuna kijiti chake, akamwambia yote. Hakupunguza. Alisema alikata skrubu zote kwa tupa, kwa mkono wake, na kwamba hakuna hata moja kati ya zile inayofaa kuuzwa kama ilivyo. Gessner aliapa mara moja, kwa sauti, akataja mafuta ya gari aliyochoma kutoka Ohio. Halafu akatupa kijiti.

"Nimeuza za namna hii mara ngapi bila kujua?" alisema, akijiuliza mwenyewe zaidi. "Haya. Zifanyieni kazi. Saa saba haina maana tena, nitangoja."

Duane aliendesha kwenda Hollis Run na kurudi kwa dakika hamsini, na mkebe wa skrubu ukimgongagonga kitini. Bernadine na Yost walikaa upande mmoja wa meza, kila mtu na bisibisi yake. Yost alikuwa mwepesi kuliko yeye, na skrubu fupi alizitupa ndani ya kikombe cha kahawa kilichokwisha, moja moja. Harufu ya kabichi iliendelea kuja kutoka jikoni. Mama mmoja alichungulia kuuliza kama Sajini angependa kuonja, Yost akatikisa kichwa.

Zile sita za Duane zilipigwa kwanza. Risasi za kazini thelathini na sita, milio thelathini na sita. Bernadine alitaka zipigwe tena, zikapigwa tena, na tena zote zikalia. Duane alivuta kifyatulio cha ile aliyoichagua na kukunja uso.

"Imekuwa ngumu."

"Ndiyo."

"Kopchik atalalamika."

"Alalamike akiwa hai. Mletee mpira mdogo aukamue, mikono itapata nguvu." Akatia sahihi, jina kamili, herufi kubwa, na tarehe ya siku ile ya Oktoba mwaka tisini na tatu.

Ilikuwa wakati wa kuzipanga upya kwa namba ndipo alipoona. Kila rivolva ilikuwa na namba ya kituo imegongwa chini ya mpini. Alizipanga toka ndogo hadi kubwa, na safu ilikuwa na mapengo. Kumi na saba haikuwepo. Ishirini na mbili haikuwepo. Namba kubwa kuliko zote ilikuwa hamsini na tatu.

"Zingine ziko wapi?"

Yost hakuinua kichwa. "Mbili wamechukua wale wa asubuhi. Kumi na moja wamenunua wenyewe. Ni desturi. Mtu akistaafu, au idara ikibadili silaha, ile aliyoibeba anapewa nafasi ya kwanza. Nani atakubali ile yake iende kwa mgeni?"

"Wameziweka nyumbani."

"Ndiyo."

"Na zile risasi."

"Na boksi moja kila mtu. Nilizigawa mimi."

Bernadine hakuwa na haja ya kumsukuma tena. Ukweli aliomsukumia machimboni sasa ulikuwa unatembea kwa miguu yake wenyewe. Yost alinyanyuka, akafungua daftari la kituo, akatoa ukurasa wenye majina. Alikwenda kwenye simu ya ukutani karibu na mlango wa jikoni. Alianza na wale wa asubuhi, kisha akashuka kwenye orodha ya kumi na moja, kwa mpangilio wa namba. Kumi na saba ilikuwa ya Harlan Dietz, ambaye aliacha kazi mwaka uliopita kabla ya wakati wake, na hakuna aliyejua kwa nini. Watu walisema ni mgongo.

"Harlan, ni Emmett. La, karamu ipo palepale. Nataka kukuuliza kitu. Ile kumi na saba yako iko wapi?" Alisikiliza. "Kwenye droo. Itoe risasi. Usiitegemee kwa lolote mpaka nije kuitengeneza, nakuja kesho. Nilikata skrubu ya springi, kwa ajili ya mtihani, na fataki za kazini ni ngumu. Nyingine hazilii. Hapana, sikutanii. Unavuta, nyundo inaanguka, na hakuna kitu."

Bernadine aliona kutoka mezani jinsi uso wa Yost ulivyobadilika. Harlan alikuwa ameanza kusema, na sauti yake ilisikika hadi kwake, nyembamba, ikitoka kwenye simu kwa vipande. Duka la dawa. Mwezi wa Machi. Yule kijana mwenye bunduki. Alikuwa anasema hakuwahi kuwaambia wenzake. Kwamba kijana alikimbia, na yeye alirudisha rivolva kwenye ala, wala hakutaka kuitazama. Kwamba alidhani kidole chake kilikataa. Kwamba alimwambia mke wake, na yeye peke yake, kwamba aliogopa, na ndiyo maana akaondoka.

Yost aliegemeza paji la uso ukutani. Jikoni mtu aligonga sufuria na akina mama wakacheka.

"Hukuogopa, Harlan," alisema. Aliongeza sauti, ili yule mwenzake asije akasikia vibaya. "Ulivuta. Unanisikia? Wewe ulivuta. Ni mimi."